Chakula Kilichofunikwa

"Baba, chakula chako kimefunikwa."

Ndugu yangu, maneno hayo umeyasikia mara ngapi? Unaingia saa tatu na nusu usiku, watoto wamelala, mkeo anakusemesha akiwa chumbani, na mezani kuna sahani juu ya sahani. Unafunua. Ugali umeota ngozi, mchicha umechuja maji yake pembeni, kipande cha nyama kimeganda mafuta. Unakula huku umeinamia simu, unashushia maji, unalala. Asubuhi wanao wakiamka wanakuta sahani tupu, na hapo ndipo wanapojua kwamba baba alirudi.

Wanamjua baba kwa sahani tupu! Neno hili linaniuma, na nitalisema leo bila kumung'unya, maana mahali mlaji huyu wa usiku alipokaa, mimi mwenyewe nimekaa.

Mimi ni fundi seremala hapa Same mjini, na ni mzee wa kanisa. Kwa miaka 30 nimetengeneza meza za kulia chakula, nyingi za saiprasi, chache za mvule kwa wenye uwezo. Baba na mama wanakuja pamoja, wana furaha, wamejenga nyumba, wanasema, "Fundi, tutengenezee ya watu sita." Napima kimo, napiga randa mpaka kiganja kikipita juu ya ubao hakikwami popote. Wanaibeba kwa mkokoteni, watoto wanakimbia nyuma yake.

Baada ya mwaka naitwa nyumba ileile kurekebisha mlango wa kabati. Naikuta meza yangu. Imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna runinga. Pembeni kuna pasi, chupa ya chai, lundo la nguo zinazosubiri kukunjwa. Viti vinne vimesukumwa ukutani, viwili vimehamia barazani. Watoto wanakula wamekaa sakafuni, macho juu, wakiitazama hiyo runinga iliyowanyang'anya meza. Mama anakula jikoni kwenye kigoda, sahani mapajani, mkono mmoja unakula na mwingine unachochea jiko la mkaa. Kijana mkubwa amechukua chakula chake ameingia nacho chumbani. Baba hayupo.

Nafunga bawaba, nalipwa, naondoka na moyo mzito. Nyumba ile ina kila kitu nilichowatengenezea, na familia imetawanyika ndani yake kama kuku waliosikia mwewe.

Msinielewe vibaya kwamba nawauzia meza. Nyumba niliyozaliwa mimi, huko juu upande wa Suji, haikuwa na meza hata moja. Tulikuwa na jiko la nje, mafiga matatu, na dari juu ya moto ambako mahindi yalikaa na maganda yake yakila moshi ili dumuzi wasiyaguse. Tulikaa kwenye vigoda, mwenye kigoda. Asiyenacho alikalia gogo la kuni. Machozi yalitutoka kwa moshi. Na hakuna mahali duniani ambapo nimewahi kuketi nikajijua kuwa mimi ni mtu wa watu fulani kama pale.

Wapare wenzangu wa kusini mnaijua Ijumaa. Tangu wamisionari Waadventista walipofika katika milima hii mwaka 1903 wakaanzia Giti, Ijumaa imekuwa siku ya chungu. Mama alikoboa mahindi kwenye kinu tangu Alhamisi, akapepeta kwa ungo, maganda yakaruka kwa kuku. Ijumaa adhuhuri makande yalikuwa yameshainjikwa, mahindi na maharage pamoja, moto wa taratibu, maana makande hayana haraka. Ukiyaharakisha, punje inabaki na kiini kigumu, na mtoto ataumwa tumbo usiku kucha. Jioni mama alivuta kuni nje, akaacha makaa tu, akafunika chungu kwa jani la mgomba na kifuniko juu yake. Jua likazama nyuma ya mgongo wa mlima, na sisi tukaketi kufungua Sabato.

Wimbo mmoja. Sala. Kisha baba alimgeukia kila mtoto, kuanzia mdogo, na swali lake lilikuwa lilelile kila Ijumaa: "Wiki hii Mungu amekutoa wapi?" Mdogo wangu aliwahi kujibu kwamba Mungu amemtoa kwenye mto, alipoteleza akichota maji. Mama alishika kifua. Hakuwa na habari. Dada yangu aliwahi kunyamaza muda mrefu, baba akamngoja, sisi sote tukangoja na njaa zetu, mpaka akasema kuna mtu anayemsumbua njiani akitoka shule. Jumapili asubuhi baba alishika fimbo yake akaenda kuzungumza na wazee wa mtu huyo. Dada hakusumbuliwa tena.

Sasa fikiri. Kama ile Ijumaa kila mtu angekuwa amechukua bakuli lake na kwenda zake, dada angemwambia nani? Na lini?

Kile chungu nacho kilikuwa kimefunikwa. Lakini kilifunikwa kitungoje sote. Sahani ya siku hizi inafunikwa imngoje mmoja, na wengine wameshamaliza. Wazazi wenzangu, katika tofauti hiyo ndogo ndimo tulimopotezea watoto.

Najua kuna atakayenijibu kwa mila. Ataniambia, "Mzee, hata zamani wanaume wa Kipare hawakula na wanawake na watoto." Ni kweli, na mimi nimeyaona. Babu aliandaliwa peke yake. Ila hakula peke yake! Alikula na wajukuu wa kiume, na kaka zake, na jirani aliyepita, na mgeni ambaye hata jina hajalitaja bado. Wanawake na watoto jikoni nao walikuwa wengi, wanacheka, wanaambiana. Palikuwa na duara mbili, na zote mbili zilijaa. Sisi tumeibakiza ile sehemu ya kutengana, ile ya kujaa tumeiacha, na bado tunaita mila. Hiyo si mila ya mtu yeyote. Babu zetu wangeshangaa kumwona mwanamume mzima anatafuna gizani peke yake kama mwizi wa muhogo.

Kama mnataka kujifunza, tazameni majirani zetu Waislamu hapahapa mjini, na Hedaru, na Kihurio. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, jua likizama, hakuna anayeuliza baba yuko wapi. Yuko hapo. Tende, uji, magimbi, sinia moja, mikono ya watoto na ya wazee inakutana humo. Nimealikwa mara nyingi kwenye futari za jirani yangu, na kila mara narudi nyumbani nimeshiba, na roho yangu inanishitaki.

Sasa nitoe mfano wa kwetu wenyewe: twende kwenye ndiva. Mtu wa bonde la Makanya, kuanzia Vudee kushuka hadi Bangalala, hahitaji kuelezwa ndiva ni nini. Kwa wageni nitasema kidogo. Mito yetu ni myembamba. Ukiuelekeza mfereji shambani moja kwa moja, maji yananyonywa na udongo kabla hayajafika kwenye mahindi. Kwa hiyo wazee walichimba mabwawa madogo, wakayajengea kuta. Usiku, wakati hakuna anayemwagilia, mfereji unaingiza maji ndani ya ndiva polepole. Asubuhi linafunguliwa, na maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu, yanafika mpaka shamba la mwisho, kila mtu kwa zamu yake. Na ndiva lina adui mmoja mkubwa, tope. Lisipozolewa tope, linajaa udongo badala ya maji. Ndiyo maana kuna msaragambo: siku ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na asiyekuja anatozwa faini.

Nyumba ni ndiva, ndugu zangu. Inajazwa jioni. Mtoto anatoka asubuhi kwenda shule, kijana anakwenda kupakia mizigo stendi, binti anapanda basi kwenda Dar es Salaam kwenye kazi za ndani ambako hamjui mtu. Atatoka na nguvu gani? Na yale aliyojazwa jioni, neno kwa neno, akiwa na tonge mkononi. Usipomjaza jioni, utamfungua asubuhi na kitakachotoka ni tope. Halafu tunakaa kwenye vikao vya kanisa tunaulizana, "Vijana wamepatwa na nini?" Hawajapatwa na kitu. Wamekauka.

Na msaragambo wa nyumba uko wapi? Nani anatozwa faini asipofika mezani? Mama asipopika, maneno yatasikika nyumba ya tatu. Baba asipokuja kula, chakula kinafunikwa, na hakuna anayesema neno.

Wazee wetu nao waliwahi kuacha nyumba zao. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya mbiru, kodi ya kukadiriwa kwa mali ya mtu, na Wapare wakaikataa. Wanaume walishuka kutoka milimani kwa maelfu wakapiga kambi hapahapa Same, kwenye makao ya wilaya, wakagoma kurudi mpaka kodi iondolewe. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameandika habari zake. Wake zao walivumilia. Walilima peke yao, walilea peke yao, na muda ulipozidi kurefuka, wanawake wa Usangi waliandamana kuwakabili wakubwa wa serikali: malizeni jambo hili, tunataka waume zetu nyumbani. Hatimaye kodi ile ikafutwa.

Basi wanaume wa leo, niambieni. Ninyi mmeshuka kudai nini? Babu yako aliacha mafiga yake kwa ajili ya haki ya nchi yake, na mkewe alijua yuko wapi na kwa nini. Wewe umekaa kijiweni karibu na stendi, unabishana Simba na Yanga mpaka saa nne, na mkeo anajua uko wapi na hajui kwa nini. Yule mwanamke wa Usangi alikuwa na mtu wa kumwendea. Mkeo amwendee nani? Anafunika sahani. Kufunika kule ndiyo maandamano yake, ya kimyakimya, kila usiku, na wewe unafunua unakula!

Sisemi na wote kwa sauti moja. Yupo mlinzi ambaye zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni; yupo muuguzi; yupo dereva wa lori la tangawizi anayeshuka Mamba Miamba usiku ili alfajiri awe sokoni. Yupo baba aliyekwenda Mererani kutafuta, na mama aliyebaki na watoto watano kwa sababu mwenzake amelala makaburini. Ninyi siwalaumu, na asiwalaumu mtu. Nawaambia kwamba meza haina saa. Kama jioni si yako, asubuhi ni yako: uji wa saa kumi na mbili, vikombe sita, dakika 10, wote mmeketi. Kama uko mbali, piga simu wakati wanao wanakula, sufuria iko katikati na simu iko pembeni, waulize mmoja mmoja. Mama mmoja mjane katika mtaa wetu, kiti cha marehemu mumewe hakukitoa. Kila jioni mtoto mmoja hukikalia kwa zamu, na anayekikalia ndiye anayeomba. Nimeketi mezani pale. Sijaona nyumba iliyojaa kama ile.

Wala usiniambie huna cha kuweka. Sisi wa tambarare tunajua mvua inavyotuhama. Mawingu yanapita juu yetu yanakwenda kunyesha mlimani, na Makanya na Hedaru wanabaki na vumbi na upepo. Kuna jioni ambazo sufuria ni nyepesi. Lakini nimeona uchungu wa njaa unavyogawanyika wakiwa wote wameketi, na unavyoongezeka kila mmoja akiwa pembeni akidhani mwenzake amepata zaidi. Yule mjane wa Sarepta alikuwa na unga wa konzi moja na mafuta kidogo, amekata tamaa, anaokota vijiti viwili vya kupikia chakula cha mwisho. Na bado alikuwa anapika kwa ajili ya wawili, yeye na mwanawe. Muujiza ulimkuta akiwa kwenye shughuli hiyo.

Mama, na wewe nina neno kwako, ulipokee kwa upendo. Toka jikoni. Umewapakulia wote, umerudi kwenye kigoda chako ukisema, "Ninyi kuleni tu, mimi nitakula baadaye." Watoto wako wanakusikia, na wanajifunza kwamba anayependa hana kiti. Binti yako atakwenda kwa mumewe na kigoda hichohicho. Weka sufuria mezani, au mkekani, keti, na chumvi ikisahaulika atumwe mwanamume mwenye miguu mirefu kuliko wote.

Na simu, jamani. Zikae kwenye kapu mlangoni. Sitasema zaidi, kila mtu anajijua.

Nataka tufungue Injili ya Yohana, sura ya 18 na sura ya 21, tuone mioto miwili. Wa kwanza uko katika ua wa kuhani mkuu. Usiku wa baridi, watumishi wamekoka moto wa makaa, Petro anaota pamoja nao. Usiku huo anaulizwa, na mara tatu anamkana Bwana wake. Wa pili uko pwani ya ziwa, alfajiri. Petro na wenzake wamevua usiku kucha. Wanashuka chomboni, wanakuta moto wa makaa tena! Na samaki juu yake, na mkate. Aliyeukoka ni Yesu mwenyewe, yule aliyekanwa.

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mwanao amekukana mbele za watu, amekuaibisha, amekimbia, na sasa huyu hapa mbele yako, nguo zimelowa maji. Sisi tungeanza palepale: "Umetoka wapi? Unajua ulichonifanyia?" Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, aliwaita waje kula. Aligawa mkate, aligawa samaki. Walikula mpaka wakamaliza, na ndipo alipomgeukia Petro na lile swali lake la upendo, mara tatu, kama alivyokanwa mara tatu. Swali zito kuliko yote katika maisha ya mtu yule liliulizwa baada ya kula, tumbo lina joto, karibu na makaa. Kama Mwana wa Mungu hakulirusha swali hilo juu ya tumbo tupu, wewe unapata wapi ujasiri wa kumgombeza mwanao mlangoni?

Nilipata ujasiri huo mimi, na umenigharimu.

Mwanangu wa pili alipokuwa kidato cha tatu, barua ilikuja kutoka shuleni kwake kwamba hajaonekana darasani muhula karibu wote. Kila asubuhi alikuwa anaondoka na sare. Kumbe alishinda stendi, akiuza maji na karanga kwenye mabasi yanayokwenda Arusha na Dar es Salaam. Mtoto wangu, nyumba moja nami, na habari zake nimezipata kwa barua! Nilimngojea mlangoni jioni ile na barua mkononi. Sikumpa nafasi ya kuvua viatu. Niliyoyasema siwezi kuyarudia. Wiki hiyohiyo alipanda moja ya mabasi yale, na kwa miaka minne sikuisikia sauti yake isipokuwa kupitia kwa mama yake.

Akaja Desemba, wakati Wapare wote wanaporudi nyumbani. Ijumaa mchana. Nilimwona getini na begi, amekonda, ana ndevu, amevaa miwani. Nilisimama, na maneno yote ya miaka minne yakanijaa kinywani. Mke wangu akapita mbele yangu akamshika mkono kijana, akasema bila kunitazama, "Baba, mtoto ale kwanza."

Makande yalikuwa motoni tangu asubuhi. Tuliitoa runinga mezani, maana meza yangu mwenyewe, ya fundi, nayo ilikuwa imeshawekwa runinga. Tukafungua Sabato. Tukala, hatukusema mengi, vijiko tu na upepo wa Same kwenye mabati. Alikula bakuli zima. Ndipo nikamwuliza, na sauti haikuwa yangu, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Aliichezea chumvi iliyomwagika mezani kwa kidole. Akasema, "Nilikuwa sioni ubaoni, baba. Wenzangu walinicheka. Jumanne moja nikasema leo nitamwambia baba. Nilikaa hapa, kwenye kiti hiki, karibu na sahani yako, nikangoja. Nikasinzia. Mama alikuja kuniamsha saa nne, akaniambia nenda kalale, baba yako bado."

Mama yake akachota makande akamwongezea kwenye bakuli bila kumwuliza. Nikavuta kiti changu karibu na chake, na hatukuondoka mezani pale mpaka saa sita usiku.